Shangazi Mashaka na Lifti ya Wodi ya Wazazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mhandisi wetu wa lifti anastaafu. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini jamani, sisi wa karakana roho ziko juu, na mimi ninayeachiwa funguo zake natetemeka kuliko wote.

Hospitali nzima inamwita Shangazi Mashaka, na jina limemkaa. Alikuta lifti mbili, anaacha sita, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeumia ndani yake. Siri yake ni woga. Kabla hajashika spana huuliza: nikikosea hapa, nani ataumia? Mjibu kwamba hakuna, uone atakavyokushukia.

Hamjasahau lifti ya wodi ya wazazi. Ikishuka na mzigo, ilipitiliza sakafu kwa upana wa kidole. Mafundi tukarekebisha swichi ya kuisimamisha, ikatulia, tukapongezana. Shangazi akaifunga. Mganga mkuu alifoka, wahudumu wakabeba machela kwa ngazi huku wakinung'unika. Yeye alisema tatizo lililoondoka bila mtu kujua sababu ndilo linalomnyima usingizi. Akatuagiza tupakie mifuko ya mchanga humo ndani, mmoja baada ya mwingine, na kila tulipoongeza akaishusha tena. Mwishowe lifti haikusimama. Iliserereka hadi chini na kujibamiza, jengo likatikisika. Breki ilikuwa imelowa oili, na swichi yetu ilikuwa imeuficha tu ubovu huo.

Sheria yake inajulikana: aliyetengeneza lifti ndiye anayeipanda kwanza, peke yake. Mwenyewe hupanda akisali kwa sauti, hata wagonjwa wa ghorofa ya juu huitikia amina.

Juzi nilibadilisha kamba za chuma za lifti hiyohiyo, kazi yangu ya kwanza bila kusimamiwa. Nilikagua, nikarudia, nikarudia tena. Mlango ulipofunguka nikaganda. Shangazi akanipita, akaingia kabla yangu, akabonyeza ghorofa ya juu kabisa. Nikamfuata mbiombio. Njia nzima alinisimulia banda la kuku analojenga. Hakusali hata kidogo, na Mungu wangu, sijawahi kuogopa vile.

Shangazi, asante kwa kila mama aliyefika salama wodini. Nenda ukalale usingizi mnono, kuku wakutagie, wajukuu wakuchoshe. Huo woga wako tuachie. Kuanzia Jumatatu nitakuwa nao mimi.