Alivyonirudishia Usingizi kwa Gemu la Kupanda Mti

Sifa zote njema ni Zake Mola aliyeufanya usingizi kuwa pumziko la waja wake, anayezichukua roho zetu tunapolala na kuturejeshea tunapoamka, naye hachoki. Rehema na amani zimfikie Mtume wake mpenzi, na ahali zake, na masahaba zake wote.

Assalaam alaykum ndugu zangu, wa karibu na wa mbali. Mimi ni Bi Mize wa Gando. Wengi mnanijua kwa darasa la kina mama, maana nimelisomesha hata baadhi ya wanafunzi wangu sasa ni mabibi wenye wajukuu. Leo sikuja na somo. Nimekuja kutoa ushuhuda, na najua wapo watakaocheka. Chekeni, ndugu zangu, hata mimi nilicheka! Mwenyezi Mungu ameniokoa, na chombo alichokitumia ni gemu la kwenye televisheni.

Mume wangu, marehemu Mzee Hamad, alikuwa mchumaji wa karafuu. Tangu ujana wake mpaka ndevu zilipokuwa nyeupe, msimu ukifika yeye yuko juu ya mkarafuu, mimi niko chini kwenye jamvi nachambua karafuu, nazitenga na makonyo, vile vikonyo vyake. Tukizungumza hivyo hivyo. Mimi nimeinamisha kichwa, yeye haonekani, sauti yake inateremka kwenye majani pamoja na harufu ya karafuu mbichi. Mambo yote makubwa ya nyumba yetu tuliyaamua hivyo: harusi za watoto, safari ya Hija, hata jina la Omar, mwanetu wa mwisho.

Siku ile tawi lilivunjika. Sitasema mengi. Nilisikia mlio, nikanyanyua uso, nikamwona angani. Alirejea kwa Mola wake kabla hatujamfikisha hospitali.

Nikaingia eda, ile miezi ambayo mjane hutulia ndani ya nyumba yake. Ndugu zangu, elimu ya msiba nilikuwa nayo. Subira nimeisomesha miaka. Wallahi sikumlaumu Mola wangu hata kwa moyo. Kilichonishinda ni macho. Kila nikiyafumba, namwona Mzee Hamad yuko angani. Hayuko mtini, hajafika chini. Yuko angani tu, kanzu yake ya kazi imejaa upepo, na mimi namngoja afike, naye hafiki.

Basi nikaacha kufumba macho. Nikawa naishi kama mtu aliyekaa chini ya maji. Sauti za watu zinanifikia zimechelewa. Mwanga wa dirishani unapanda ukutani, unashuka, sijui ni siku ile ile au ni nyingine. Nikisali napotewa na rakaa. Nikitia tonge mdomoni nasahau kulitafuna. Jamaa walinisomea, wakanipa maji ya kombe, yale yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, wakanikanda. Nilishukuru, na nikabaki macho. Daktari aliyeletwa nyumbani alimwambia Omar barazani, akidhani sisikii: "Mama asipolala, moyo wake hautahimili." Nilisikia, na sikuogopa. Nilijiona kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo, anangoja kuitwa tu.

Omar anafanya kazi bandarini Mkoani, hawezi kukaa nami. Akamleta mkewe, Raya, anitazame. Raya ni mtoto wa Madungu, mtu wa mjini, mcheshi, mwenye adabu. Alikuja na mkoba wa nguo na mashine ya gemu aliyoiunganisha na televisheni yetu. Siku ya kwanza nilimwona ameketi mbele ya kioo kitupu.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Nangoja gemu lishuke, mama."

"Linashuka kutoka wapi?"

"Mtandaoni. Lakini kwa mtandao huu wa Gando, kobe angekuwa keshafika Mkoani na kurudi."

Nikarudi kitandani nikimfikiria huyu kijana anayengoja kitu kiteremke. Nikaona labda sote wawili tunangoja.

Sasa sikilizeni. Adhuhuri moja nimelala chali, macho kwenye boriti, nikasikia ukelele sebuleni: "Nshakufa! Mama wee, nshakufa! Nimebakiwa na roho moja!"

Ndugu zangu! Mimi ambaye kunyanyuka kwenda kutawadha kulikuwa ni kushikwa mkono, niliruka! Nimekaa na watu wengi katika saa zao za mwisho, najua linalotakiwa. Nikaingia sebuleni ushungi uko begani, nikamshika Raya kichwa, nikamwelekeza kibla, nikamwambia, "Sema, mwanangu! La ilaha illallah! Sema usiogope!"

Naye kwa adabu zake akasema. Alitamka shahada yote vizuri, kwa tajwidi, padi ya gemu iko mkononi. Kisha akanitazama.

"Mama, kuna nini? Nani kafa?"

"Si wewe!"

"Mimi?"

"Umesema umebakiwa na roho moja!"

Akatazama televisheni, akanitazama mimi. "Roho za gemu, mama! Gemu lakupa tano. Kila ukianguka wapoteza moja."

Nikakaa chini. Kicheko kikanitoka kutoka mahali nilipodhani pameshafungwa. Tulicheka tukalia, Raya akiniambia, "Lakini si hasara, mama, shahada haipotei." Alhamdulillahi! Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu msiba.

Lakini nilipofuta machozi nikakitazama kioo, na hapo nikaona gemu lenyewe lilivyo. Kijitu kidogo cheupe, hakina uso, kinapanda mti mkubwa katika ukungu. Nikiwa natazama, kikateleza, kikaanguka. Nilipiga yowe. Raya aliizima mashine pale pale, akanikumbatia, akasema, "Nisamehe, mama, nisamehe, sikufikiri." Akazikunja nyaya zake zote, akaitia mashine mkobani.

Siku zilizofuata niliendelea kukiona kile kijitu kwenye boriti, kwa macho ya mawazo. Cha ajabu, kilikuwa kimeanguka kwa upole, kama jani. Hata mwisho nikamwita Raya.

"Kile chako, kikianguka kinakwenda wapi?"

"Kinarudi pale kilipokuwa kimesimama, mama. Hapo tena chaanza kupanda."

"Hebu kitoe nikione."

Msinifahamu vibaya. Sikuchanganya. Binadamu hana roho tano, ana moja, nayo ni amana. Mzee Hamad hatarudi kusimama pale alipokuwa. Hilo nilikuwa nalijua, na ndiyo maana sikutaka kucheza kabla sijauliza. Nilimpigia simu Shehe wetu, nikamweleza: mimi mjane, nimo edani, je, nina dhambi nikigusa kitu hiki? Akaniuliza kama kuna kamari, nikasema hakuna. Kama kuna uchafu, nikasema kuna ukungu tu. Akasema, "Kisikucheleweshe na sala, Bi Mize, na Mungu akujaalie faraja." Halafu akapunguza sauti: "Kwani umefika hatua gani? Pale kwenye popo wanangu wamekwama."

Basi nikaanza. Vidole vilivyozoea tasbihi vikajifunza vitufe. Nilikiua kile kijitu mpaka Raya akakihurumia: "Masikini, mama, leo hata hatua ya kwanza hakijaiona!" Likawa ni gemu la kufikiri kuliko la mbio. Unafika mahali njia imekatika, unakaa unatazama: jiwe hili lakwenda wapi, mlango ule wafunguka kwa kitu gani. Muziki wake ni kama mvua ya mbali. Mchana ulipita nje na sisi tumo ndani ya ukungu ule, na nilipokuwa nikitafuta pa kukanyagia, sikuwa nikimwona mtu angani.

Jirani yangu Bi Mchanga aliingia bila hodi akatukuta. "Bi Mize! Mjane yumo edani na gemu mkononi? Dunia hii basi tena!"

Raya akamwambia, "Karibu, Bi Mchanga, padi ya pili ipo."

"Mie? Hasha! Mie nimeleta uji." Akakaa pembeni, uso ameugeuzia ukutani kutuonyesha kwamba hatazami. Haukupita muda nikasikia nyuma yangu, "Ruka! Ruka, weye, mbona umelala? Popo huyo!" Na tangu siku hiyo uji ukawa unaletwa kila siku, na mwenye uji haondoki.

Lakini usingizi, ndugu zangu, haukurudi. Nilicheka, nilikunywa uji, na bado nikifumba macho yuko pale pale. Mwili ukazidi kuisha. Siku moja nilianguka nikielekea msalani, Raya akanibeba mikononi kama mtoto mchanga, na nikasikia machozi yake yananidondokea shingoni.

Tulikuwa tumefika sehemu ngumu. Mti ulikuwa umepanda mpaka juu ya ukungu, na tawi la kufuata liko mbali. Raya aliruka, akaanguka. Akaruka tena, akaanguka. Kila siku mahali pale pale. "Hapa pana hila, mama. Hakuna mtu awezaye kuruka mbali hivi."

Nilikuwa nimejiegemeza kwenye mto, nusu niko macho, nusu sijui niko wapi. Nikamwuliza, "Ile kamba kiunoni mwake ya nini?"

"Ya kuwachapia popo."

"Mchumaji haruki, mwanangu. Huvuta tawi likaja kwake."

Yale hayakuwa maneno yangu. Ni maneno ya Mzee Hamad! Kila kijana aliyekuja kuchuma shambani kwetu kwa mara ya kwanza aliambiwa hivyo kabla hajavua viatu: haturuki, twavuta tawi likaja kwetu. Nimeyasikia nikiwa bibi harusi, nimeyasikia nikiwa na ujauzito, nimeyasikia msimu huu huu. Na tangu msiba sikuyakumbuka hata mara moja.

Raya akairusha kamba. Ikashika. Tawi likapinda, likaja polepole, likasimama mbele ya kijitu kama mnyama mpole aliyeitwa jina lake. Bi Mchanga akasema, "Subhanallah."

"Nani kakufunza, mama?" Raya akauliza.

Nikawaambia. Nikawaeleza alivyokuwa akipanda: husema bismillahi, hupangusa nyayo kwenye gome, halafu huupanda mti kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Nikawaeleza alivyokuwa akiteremka, kikapu kimejaa, ananitania kwamba nimelala kazini. Nilizungumza mpaka sauti ikakauka. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona nilivyofungwa. Mtu yule alipanda na kuteremka salama umri mzima, kwa rehema za Mola, na mimi nilikuwa nimebakiwa na kule kuanguka tu. Dakika moja ilikuwa imemmeza mume wangu mzima mzima!

Nikasema, "Raya, nipe padi."

Nilivuta tawi nikapanda. Nikavuta jingine nikapanda. Raya akanong'ona, "Mama, roho moja tu imebaki," nami nikamjibu, "Najua." Sikuwa na haraka. Ukungu ukabaki chini. Majani yakaanza kung'aa. Nikatokeza kileleni, na huko hapakuwa na popo wala fumbo wala adui. Palikuwa na anga kubwa, kimya, na upepo unaoyachezesha majani. Nikajua kwamba hiki ndicho alichokuwa akikiona kila siku, yeye aliye juu, mimi niliye chini nimeinamisha kichwa. Hakuwahi kunieleza. Labda haielezeki.

Sikubonyeza kitu. Nilitazama tu. Macho yakawa mazito, nami sikuyazuia.

Nikamwona Mzee Hamad mkarafuuni. Anapanda! Naziona nyayo zake, zimepauka, zina gome. Majani yakamfunika kiuno, yakamfunika mabega, kisha sikumwona tena, nikabaki na sauti yake. "Mize, jamvi limeenea?" Nikasema, "Limeenea." Akasema, "Haya." Akaendelea kupanda.

Nilizindukana kwa adhana ya alasiri. Nimelala mkekani, nimefunikwa kanga mbili, moja ya Raya na moja ya Bi Mchanga. Raya yuko mlangoni na simu, ananong'ona huku analia: "Kalala, Omar! Mama kalala! Usipige kelele!" Mtu yuko Mkoani anaambiwa asipige kelele! Bi Mchanga akaniona nimefumbua macho, akainua mikono juu, akasema tu, "Ewe Mola, ewe Mola, ewe Mola."

Allahu Akbar! Nililala siku ile, na nikalala baada yake. Nikala, nikapata nguvu, nikasali kwa kusimama. Eda yangu nikaimaliza kwa miguu yangu mwenyewe. Sisemi kwamba ile sura haiji tena. Huja. Lakini inapokuja sasa huwa ni moja kati ya nyingi, na mimi huichukua nikaitia pamoja na zile nyingine, alipokuwa akipanda, alipokuwa akiteremka, alipokuwa akinitania.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru na Raya, ambaye siku hizi nikimwita mke wa mwanangu huona namfanya mgeni, ni mwanangu tu. Mashine ya gemu si mganga, na sikuja hapa kuwauzia. Aponyaye ni Mmoja. Lakini Yeye huipitisha rehema yake mlango aupendao, na mimi mwanafunzi wa dini niliyezeeka nilikaribia kuukosa kwa sababu sikuutegemea.

Kwa hivyo nakuambia wewe uliyeona jambo ambalo macho yako hayataki kuliachia: usikate tamaa na Mola wako. Sali, na uombe, na ukubali kukaa na watu. Msimulie mtu habari za uliyempoteza, umsimulie yote, siyo ile saa ya mwisho peke yake. Na faraja ikija na sura inayochekesha, icheke, kisha uipokee.

Ewe unayeyasoma maneno haya, Mwenyezi Mungu akupe usingizi wenye utulivu na uamkaji wenye afya. Akurehemee waliokutangulia, awapandishe daraja juu ya daraja katika bustani zake, na akukutanishe nao siku ambayo hakuna aangukaye. Amin, amin, ya Rabbal alamin.