Sufuria Isiyo na Munyu

Wasikilizaji wapendwa wa Baraka, wa Fizi, na ninyi wa Ubwari mnaotusikia kwa shida upepo ukivuma, poleni na kazi. Mama uliye jikoni, punguza moto kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka Mama Pulchérie, aliyezikwa Alhamisi hapa Baraka. Huyu ni mama aliyepika bila munyu. Ndiyo, chumvi. Alipika bila munyu miaka yote ya vita, na alikula peke yake.

Mwaka wa 1998 risasi zilipokaribia, mume wake, Papa Casimir, alivuka ziwa na watoto wao wawili kwenda Tanzania. Pulchérie alibaki. Mama yake mzazi hakuweza kutembea. Alimwambia mume wake: "Tangulia na batoto, nitafuata." Hakufuata. Yule mama mzee alifariki, na mitumbwi ilikuwa haivuki tena.

Moyo wa Pulchérie ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Alikuwa na tension, damu inayopanda, na alimeza vidonge kila asubuhi. Vidonge vikaisha. Infirmier Bonaventure, muuguzi aliyemhudumia, anakumbuka maneno aliyomwambia: "Mama, barabara ya Uvira imefungwa, dawa haiko. Acha munyu, acha samaki ya munyu, punguza mawese. Kula mboga ya lengalenga, maharagi, kitunguu saumu. Haiwezi kushika nafasi ya dawa. Lakini itakusaidia kungoja."

Kungoja! Hilo ndilo neno alilolishika. Alitaka moyo wake udumu mpaka Casimir na watoto warudi. Basi.

Sasa ninyi mnajua munyu ulikuwa nini wakati ule. Ulikuwa haupatikani, watu walilamba vidole! Jirani yake, Mama Adolphine, anasimulia: "Mi nilimuletea munyu, kijiko moja mu jani ya ndizi. Akanirudishia. Nikasema, ee, huyu mama anatuogopa, anazani tutamutilia sumu."

Pulchérie alieleza habari ya moyo. Wakamcheka. "Moyo gani inakataza munyu? Munyu ndiyo inatupa nguvu ya kukimbia!" Na kwetu, wasikilizaji wapendwa, mtu anayejitenga na sahani ya wenzake anaitwaje? Mnajua. Wakaanza kumwita hivyo hivyo, mchawi.

Hata porini, walipokimbilia milimani, wanawake walikula pamoja juu ya jani moja. Pulchérie alikaa pembeni na kisufuria chake. Lakini adabu hakuiacha. Kila akipakua, aliita: "Karibuni!" Nao wakajibu: "Aksanti, tumeshiba." Jamani! Nani alishiba mwaka ule? Adolphine anasema siku moja alimwona anakula na machozi yanaingia kwenye lengalenga. Hakumsogelea. Pulchérie aliumia. Ladha alishaizoea, ila kula peke yake hakukuzoea hata kidogo.

Mwaka wa 2005 meli ya wakimbizi ikafika Baraka. Casimir akashuka na watoto, sasa warefu kuliko mama yao. Siku hiyo Pulchérie alipika sufuria mbili, kubwa na ndogo.

"Hii ndogo ni ya nani?" Casimir akauliza.

"Ni yangu. Haina munyu. Ninyi mukule ile."

Casimir akavuta kigoda mpaka kwenye ile ndogo, akanawa mikono, akamega bugali. Pulchérie akashindwa kula kwa kilio.

Vidonge vilirudi na amani, naye alivimeza bila kuacha mboga zake. Lakini Bonaventure hafichi: "Mboga zilimusaidia sana. Ila miaka bila dawa ilikuwa imechosha moyo." Basi wewe mwenye vidonge nyumbani, usivitupe kwa sababu ya hadithi hii. Muulize muganga wako wa hospitali.

Jana nilimkuta Papa Casimir anapika mwenyewe. Nikaonja. Haina munyu! Nikamwuliza, papa, wewe huna tension, kwa nini? Akakoroga kwanza. "Mwanangu, siku nitatia munyu, ndiyo nitajua kwamba niko nakula peke yangu."

Papa Casimir, watoto, na ninyi majirani, poleni sana. Mungu amlaze Mama Pulchérie pema. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni nani mtaani kwetu anakula pembeni, na tumewahi kumwuliza kwa nini? Usipite na "nimeshiba" ya uongo. Akikuambia karibu, kaa.