Swichi ya Barazani

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi. Lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali. Kisheria halipo. Bwana mmoja wa ofisi ya mji alishakuja kuliamuru liondoke, akakaa juu yake ili aandike ilani, akaletewa kahawa, na ilani ile mpaka leo haijamalizika. Wakaaji ni walewale. Yupo Mwenyekiti, karani mstaafu ambaye maisha yake yote alikuwa anaandika mihtasari ya vikao vya watu wengine na sasa analipiza. Yupo Kinyozi, anayetoka nje kila anapokosa kichwa cha kunyoa, yaani karibu kutwa. Yupo Buli, muuza kahawa, aliyerithi jina la chombo chake. Nipo mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiliza. Na yupo Mkubwa, muuza vipuri vya baiskeli. Si mkubwa wa umbo. Ni mtoto wa kwanza kwao, na haijapita siku bila kutukumbusha.

Alasiri hiyo Mkubwa alikuja akakaa upande wa tofali, upande tunaowaachia wageni. Akapokea kikombe, asinywe.

— Mama hataki kurudi, akasema.

Habari yenyewe nusu yake tulikuwa tunaijua, kwa sababu nusu hiyo tuliitengeneza sisi. Nyumba ya mama yake ilikuwa na nyaya za tangu baba yao yu hai. Ukichomeka pasi, redio inanyamaza. Swichi kuu ilikuwa inatoa cheche na harufu ya nywele zilizoungua, harufu ambayo Kinyozi aliithibitisha kitaalamu. Basi mama alipokwenda kwa binti yake kumsaidia kulea kichanga, Mkubwa akaleta hoja kijiweni: umeme wote ufumuliwe, uwekwe mpya, bi mkubwa akirudi akute nyumba imebadilika. Hoja ikajadiliwa kwa vikombe viwili viwili, Mwenyekiti akawahoji wajumbe, wajumbe wakaafiki. Fundi akapatikana palepale mtaani, yule tunayemwita Testa kwa ajili ya bisibisi yake ndogo yenye taa kitakoni, anayoichomeka juu ya sikio kama seremala na penseli yake. Kila aliyehusika alishirikishwa, isipokuwa mwenye nyumba.

Na kazi ilifanyika, hakuna wa kuitia dosari. Nyaya zikapita ndani ya ukuta, soketi zikaongezwa, jikoni pakang'aa. Barazani ndipo tulipojisifu zaidi. Pale palikuwa na balbu ya manjano iliyowaka usiku na mchana, mwaka nenda mwaka rudi, na Mkubwa ndiye aliyekuwa analipa umeme wake huku anaugulia. Mahali pake pakawekwa taa nyeupe yenye jicho. Mtu akipita, inawaka, akiondoka, inazima. Swichi haina.

Mama alirudi akazunguka chumba hadi chumba, akashukuru, akawaombea wanawe heri. Jioni akatoa kiti akakaa barazani. Kulipokucha, mkoba wake ulikuwa mlangoni, akarudi kwa binti yake.

— Alisema nini? Mwenyekiti akauliza. Tunataka maneno yake, usituletee tafsiri.

— Alisema, "Mwanangu, hii taa inazimika yenyewe."

— Wewe ukajibuje?

Mkubwa akazungusha kikombe.

— Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Ndio uzuri wake."

Kinyozi akalichukua jambo hilo kama la fani yake. Kosa ni ule weupe wa mwanga, alisema. Mtu wa umri ule hapendi kuonwa kila kunyanzi. Yeye mwenyewe dukani ameweka balbu hafifu makusudi, na wateja wanatoka wamefurahi, sababu hawajajiona vizuri. Mwenyekiti akamwambia hiyo inaeleza pia kwa nini wanatoka na kisogo cha ngazi.

Kwa upande wake, Mwenyekiti aliona tatizo ni la utaratibu. Mradi umekamilika bila hafla ya makabidhiano. Hapakuwa na utepe, hapakuwa na mkasi, mama hakupewa nafasi ya kusema machache. Alipata kuona bwana mmoja mzito akigoma kutumia choo kipya cha ofisi kwa sababu kilizinduliwa na msaidizi wake.

— Mama si bwana mzito, Mkubwa akasema.

— Kila mwenye nyumba ni bwana mzito.

Buli alikuwa anasubiri zamu. Akainamisha sauti, ingawa barabara nzima ilikuwa tupu. Lile jicho, alisema, halikuwekwa kwa ajili ya taa. Linahesabu wanaoingia na wanaotoka, hesabu inakwenda ofisi ya umeme. Binamu wa mkewe aliweka taa kama ile, na haukupita muda wakaja watu wenye viatu vizuri kumuuliza amepangisha vyumba vingapi. Mama amelijua hilo, wazee wana hisia, amekataa kuhesabiwa.

— Buli, ndugu yangu, Mwenyekiti akamjibu, ofisi ya umeme haijui kwamba mtaa mzima uko gizani mpaka tuwapigie. Na tukiwapigia wanatuuliza namba ya nguzo. Hao ndio wamjue mpangaji wa binamu?

Tulicheka. Mkubwa hakucheka. Akatueleza, macho yakiwa kwenye tofali, kwamba amekwenda kwa dada yake mara kadhaa kumchukua mama. Kila mara anapokewa vizuri, analishwa, anasindikizwa peke yake. Na dada yake amemwambia jambo asilolielewa: kule mama hana analolidai ila moja, kwamba taa ya nje awe anaiwasha na kuizima yeye mwenyewe.

— Nyumba nimeitengeneza kwa ajili yake, akasema. Sasa naifungua asubuhi kufagia, naifunga. Jikoni panang'aa, hapana mtu. Mnisaidie, mwenzenu nimekosea wapi?

Kinyozi alikuwa ameanza kusema huenda nyaya za ukutani zinavuta joto la mwili, ndipo Testa akatokea kona ya duka, mkoba begani. Testa si mtu wa benchi. Husalimia akapita. Siku hiyo akasimama, akasalimia mmoja mmoja kwa mkono, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

Ilikuwa swichi ya zamani, nyeusi, ya kitako cha mbao. Juu ya kibonyezo chake palikuwa na plasta ya kidonda, ile ya kahawia, imebandikwa kukatiza.

— Nimekaa na hii tangu ile kazi, akamwambia Mkubwa. Nyaya kuukuu nilitupa. Hii nikasita, nikasema nimpe bi mkubwa mwenyewe mkononi. Nyumbani nimebisha hodi, kumefungwa. Yupo?

Tukamwachia Mkubwa ajibu, naye akatuachia sisi.

Niliichukua ile swichi nikaitazama. Haikuwa plasta moja. Ilikuwa plasta juu ya plasta, za chini zimekauka na kuwa kama gamba, ya juu ingali laini. Mtu alikuwa anaibandika upya kila ilipochoka, na aliibandika ikiwa imewashwa.

— Si niliwapigia simu, Testa akasema, kwa upole tu. Nikasema kuna swichi hapa imefungwa isizimwe, niifanyeje.

Hapo kila mtu akakumbuka. Mkubwa alikuwa ameilaza simu juu ya benchi, sauti imefunguliwa, sote tunasikia. Kinyozi alisema kama swichi imeumia ipelekwe zahanati. Tulicheka, na mimi nilicheka. Kisha sauti moja yenye mamlaka ikasema, "Endelea na kazi kama ilivyopangwa." Tukamgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anasoma masimbi ya kahawa yaliyotuama kitakoni mwa kikombe chake.

Mkubwa akaipokea swichi, akaanza kuikwangua plasta kwa ukucha, akaacha.

— Nilidhani imelegea, akasema. Miaka yote naiona, nikadhani imelegea tu.

Akaigeuza swichi kiganjani.

— Kwetu sheria ilikuwa moja. Wa mwisho kuingia ndiye anayezima taa ya barazani. Dirisha la mama linatazama huko. Taa ikizimwa anajua wote tumo ndani, analala. Hakutuuliza kamwe mtu alikuwa wapi. Alitazama taa.

— Na wa mwisho alikuwa nani? Kinyozi akauliza.

— Wa mwisho siku zote alikuwa mdogo wetu.

Yule mdogo, kitinda mimba wao, sote tulimjua. Alikuwa anakaa mwisho wa benchi hili na kucheka kabla kichekesho hakijafika. Akaondoka na kampuni ya wajenzi wa barabara, akitupungia mkono juu ya lori. Kwanza simu yake ilikuwa kila wiki, halafu mara mojamoja, halafu yule mwanamke wa mashine ndiye anayetuambia kwa adabu kwamba namba haipatikani. Mwenyekiti aliiandikia kampuni barua, barua nzuri, yenye rejea na yah. Akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa, na bila shaka mpaka leo linashughulikiwa.

Tangu hapo balbu ya manjano haikuzimwa. Sisi tuliona ni uzembe wa mtu mzima anayesahau.

Nikaiwaza jioni ile. Mama kitini. Taa inazima, na hakuna aliyeingia. Paka anapita, inawaka. Paka anakwenda zake, inazima. Kisha mama anamwambia mwanawe neno moja, na mwanawe anamjibu kwamba ndio uzuri wake.

— Inaweza kurudi? Mkubwa akauliza.

Testa akasema inaweza, tena bila taabu. Njia ya waya alikuwa hakuiua, ameifunga tu ukutani. Atang'oa ile yenye jicho, ataweka balbu ya kawaida, ya manjano zipo, na swichi ataibandika mahali pake pa zamani, alama ya kitako bado inaonekana kwenye rangi. Akipewa ufunguo, kazi ya mchana mmoja.

Benchi likapumua. Kinyozi akampiga Mkubwa bega. Buli akamimina duru nyingine kama mtu anayesherehekea. Mwenyekiti alikwisha kohoa kile kikohozi chake cha kufikia azimio, kwamba fundi arudishe hali kama ilivyokuwa awali, bi mkubwa ataarifiwe, wajumbe wamsindikize kwa heshima zote.

— Ila kuna kitu kimoja, Testa akasema.

Akatoa bisibisi sikioni, akawa anaifutia kwenye kile kitambaa.

— Mimi kwa kawaida nikimaliza, naacha swichi zote zimezimwa. Mwenye nyumba ndiye anawasha. Hii niiacheje?

Kichwa cha mteja kilichungulia mlangoni kikaita, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Kinyozi alikuwa na mteja asimwendee. Buli akainamisha chombo juu ya kikombe changu. Yakaja matone, kisha masimbi, kisha hakuna. Mwenyekiti akatutazama mmoja mmoja kwa namna anayotazama anapotaka mjumbe mwingine aanze. Hakuna mkono uliopanda.

Mkubwa akasimama. Kikombe chake kilikuwa kimejaa bado, kimepoa, akakiacha juu ya benchi. Akaifunga swichi kwenye kitambaa cha Testa pamoja na plasta zake, akaibana kwapani, akashika barabara ya kwa dada yake.

Tulimtazama hadi alipokata kona. Tangu benchi hili liwekewe tofali, nadhani ndiye mtu wa kwanza kuondoka hapa bila kupewa ushauri.