Kaka Yetu, Baba Yao

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa fundi wa mabehewa, mama yetu mshonaji. Baada yake alikuja kaka wa pili, na mwisho mimi, dada yao, ninayewasomea.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, na Januari 1965 akaingia seminari ndogo. Jumapili ya kwanza ya wageni, mama alimkuta barazani amekunja suruali, anapiga deki. Nyumbani ufagio ulikuwa adui yake. Mama alimtazama kwanza, kisha akamgeukia padre mlezi.

"Mimi nimemwambia tangu ajue kutembea, hakusikia. Ninyi mmemwambia mara ngapi?"

Padre akacheka. Mama hakucheka. Tangu siku ile aliiita seminari "mkwe wangu", na wala hakuiita hivyo kwa mapenzi.

Mwaka 1972 alijiunga na seminari kuu kwa masomo ya falsafa na teolojia, akahamia katika makazi ya mafrateri, yaani vijana wanaosomea upadre: kitanda, meza, dirisha linalotazama kamba za kuanikia kanzu. Siku ilianza kwa kengele na Masifu ya Asubuhi, ikaenda kwa vipindi, zamu za kuosha vyombo na bustani, ikaisha kwa kimya. Alikuwa akisema kwamba Kilatini hakikumtoa jasho. Kilichomtoa jasho ni jirani wa chumba cha pili aliyepiga mluzi kila akinyoa ndevu, wimbo uleule, miaka yote. "Vitabu vilinifundisha," alisema, "lakini aliyenilea ni yule wa mluzi."

Alipewa daraja la upadre tarehe 12 Julai 1980. Mama alimshonea kanzu nyeupe, pindo lote kwa mkono. Alipofika nayo, gombera, yaani mkuu wa seminari, akamweleza kwa upole kwamba wote watavaa mavazi yaliyoshonwa palepale, ili wafanane.

"Sawa, Baba Gombera," mama akajibu. "Mmempata, mvisheni."

Kaka alisikia. Kesho yake, kwenye misa yake ya shukrani parokiani kwetu, alitoka sakristia amevaa kanzu ya mama. Ilimpwaya mabegani, maana mama alikuwa hajampima muda mrefu.

Katika wasifu wa wengine, hapa huandikwa ndoa. Kaka yetu hakuoa, ila mama alishikilia kwamba alioa ile nyumba. Mwaka 1984 aliitwa kurudi seminari kuu awe mlezi, na kuanzia 1996 hadi 2014 akawa gombera. Aliwajua mafrateri kwa hatua zao kwenye korido. Frateri aliyeacha njia ya upadre, kaka alimsindikiza hadi kituoni, akambebea begi. Mama alipofariki mwaka 1998, kaka alimzika asubuhi, na keshokutwa yake akarudi kazini kwa sababu waombaji wapya walikuwa wanasubiri kusailiwa. Tulimwelewa, lakini ilituuma. Wao walimwita Baba kila siku. Sisi tuliomwita Kaka tulimpata kwa likizo.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kushindwa kazi, miguu ikavimba. Nilipaka rangi chumba cha mbele nyumbani kwangu, nikakodi gari, nikaenda kumchukua seminari kuu, alikobaki baada ya kustaafu. Mlangoni alinipokea frateri wa mwaka wa tatu, mkononi beseni na wembe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kakuambia mimi ni shangazi yako?"

"Yeye ni Baba, na wewe ni dada yake."

Ndani nikatia chai sukari vijiko vitatu, kama alivyopenda. Yule frateri akanong'ona, "Shangazi, Baba aliacha sukari zamani." Nikamwambia nilimjua mtu huyu yeye hajazaliwa. Kaka akanywa funda moja kwa adabu, kikombe akakiweka mbali.

Tulipobaki wawili, nikamwambia, "Kaka, twende nyumbani."

"Nipo nyumbani."

"Basi niseme ukweli. Watu wako hawa nawaonea wivu."

Alipumua kwa shida. Kisha akasema, "Mimi nimekuonea wivu wewe tangu nina miaka kumi na mitano."

"Wivu wa nini?"

"Wa mama. Nikija likizo nawakuta wewe na yeye mnachekea jambo nisilolijua. Nikiuliza, mnaniambia ni mambo ya hapa. Halafu mama ananiletea maji kwenye kikombe cha wageni."

Ndipo nilipoelewa agizo ambalo mapadre walioko hapa wanalijua: kila frateri aliyekwenda likizo aliambiwa na kaka yetu, "Ukifika kwenu, osha vyombo kabla hawajakukaribisha."

Gari niliirudisha tupu. Nikapewa chumba mwisho wa korido, na tukamuuguza kwa zamu, mimi na wale vijana, tukigombania nani amgeuzie mto. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, Masifu ya Asubuhi yakiimbwa kanisani. Mkono wake mmoja niliushika mimi, wa pili aliushika yule frateri. Sikumwambia auachie.

Ameacha kaka mmoja, dada mmoja, na watoto wanne waliomwita baba mkubwa na mjomba. Ameacha pia wana asiowazaa, baadhi wakiwa altareni leo, wengine ndio waliobeba jeneza. Kaka yetu wa pili aliniuliza kama hao nao waandikwe kwenye ratiba ya mazishi, kwa kuwa orodha ile ni ya familia. Nilimwambia awaandike, ila baada yetu.

Kaka, lala kwa amani ya Bwana.