Deraya Iliyofutika Ukutani: Maisha ya Vitomir Stanojčić, 1941–2024

Familia imeniomba nisome maisha ya mjomba wangu. Kuna jambo la kanisa letu ambalo mnalijua vibaya, na kosa ni langu. Nitalisema likifika mahali pake.

Marehemu Vitomir alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 hapa Gornji Vrbnik, mtoto wa tatu wa Milisav na Stamenka. Alisoma hapa hadi darasa la nne, akamalizia mjini Raška, kisha akajifunza uhunzi kwa baba yake.

Alifua majembe na viatu vya farasi kwa miaka arobaini. Mwaka 1978 alikabidhiwa ufunguo wa kanisa. Alipenda sana ukuta wenye michoro ya watakatifu askari. Alituonyesha jinsi magamba ya chuma ya deraya, lile vazi la vita, yalivyoshonwa kwa kamba za ngozi, na ngao ilivyoning'inizwa begani. “Huyu mchoraji alikaa na mhunzi,” alisema. “Hakubuni.”

Mwaka 1966 alimwoa Desanka Perišić. Siku moja alijitengenezea deraya kama ya Mtakatifu Dimitrije, mmoja wa wale askari wa ukutani, kwa mabati ya paa, akaivaa kwenye sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa nyumba yao. Akashindwa kukaa. Mkewe akamwambia mbele ya wageni, “Utakula umesimama, mtakatifu wangu, au nilete kifungua makopo?”

Oktoba 2005, wiki mbili kabla ya sikukuu ya Dimitrije, nilimwomba ufunguo nikasafishe kanisa. Alinionya: “Fagia, futa viti. Ukutani usiguse, mwanangu. Zile silaha zilipakwa rangi plasta ikiwa imeshakauka. Zikipata maji zinaondoka.”

Niliona aibu wageni wakute watakatifu weusi kwa moshi wa mishumaa. Nikachukua kitambaa, maji na siki. Magamba ya deraya yakatoka na kitambaa, kisha upanga. Dimitrije akabaki na shati jekundu, mkono umekunjwa bila kushika kitu.

Mjomba alikuja, akaangalia ndoo. “Nenda nyumbani,” akasema. “Ndoo niachie.”

Wataalamu wa michoro walipofika kutoka mjini aliwajibu, “Ufunguo nilikuwa nao mimi.” Akanyang'anywa ufunguo, na jina lake likaandikwa katika kitabu cha kanisa kuwa ndiye aliyeharibu. Mkahawani mkamwita Fundi Sabuni. “Fundi Sabuni, njoo unioshee shati, lakini niachie vifungo.” Mimi nilikuwa kwenye meza hiyo. Nilicheka pamoja nanyi, kwa miaka kumi na minane.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2023. Nilimtembelea hospitalini nikamwambia nataka kusema ukweli. Akasema, “Sema, Ljubiša. Ila usiseme ukiwa umekunywa rakija, hawatakuamini.” Alifariki tarehe 9 Februari 2024, akiwa na miaka themanini na miwili. Leo sijaonja hata tone.

Ameacha mjane, Desanka, watoto, Zagorka na Radoje, wajukuu watano, na mimi, mtoto wa dada yake.

Baba Paroko, naomba leo, kabla watu hawajaondoka, kile kitabu kifunguliwe. Jina la Vitomir Stanojčić likatwe, liandikwe Ljubiša Anđelić. Nitatia sahihi mbele ya wote.

Mjomba, udongo wa Vrbnik ukulalie mwepesi.