Maisha ya Mama Bertille, Mwalimu wa Ndege za Karatasi

Zamani, mtu akizikwa kwetu, mkubwa wake alisimama kwenye ukingo wa kaburi akamwambia, "Kama ni Mungu aliyekuita, lala, kama ni mkono wa mtu, usilale," lakini siku hizi familia inapewa karatasi ya kompyuta yenye picha ya njiwa, na neno la mwisho, "Apumzike kwa amani," limekwisha kuandikwa chini kabla mtu hajauliza marehemu alikuwa nani. Kaka wa marehemu, mzee Kalenga, aliyekuwa fundi wa reli, amelifuta neno hilo. Sababu itasikika.

Mama Bertille alizaliwa Mpala tarehe 14 Machi 1968, kitinda mimba wa mvuvi na mkulima wa mihogo. Aliingia shule ya misheni kabla ya umri, kwa kuwa alimfuata Kalenga hadi darasani na hakuna aliyeweza kumtoa. Kalenga aliacha shule mapema akaja Kalemie kwenye reli. Hesabu anazozijua alizisoma katika vitabu ambavyo dada yake alikuwa amevimaliza. Bertille alipata diploma ya serikali mwaka 1987, akasomea ualimu wa hesabu na fizikia, na mwaka 1992 akaanza kufundisha hapa mjini.

Tarehe 6 Agosti 1994 aliolewa na Célestin, karani wa bandarini. Padri alipotangaza kwamba wawili wamekuwa mmoja, bibi harusi alinong'ona, "Kwangu mimi, kwa hesabu ile angepata sifuri." Padri alisikia, akacheka kuliko wote.

Kazi iliyomjulisha Mama Bertille ilikuwa ya ndege za karatasi. Kila mwanafunzi alikunja yake, akapima bawa na pembe yake, akairusha mara kadhaa kutoka mstari mmoja kwenye baraza. Walipima umbali kwa kamba yenye vipimo, wakatafuta wastani, wakachora mchoro. Ndipo walipojifunza kwa nini pua huhitaji uzito, hata wa kibanio cha karatasi: uzito usipokaa mbele, ndege huinua kichwa, husita hewani, halafu huanguka.

Siku moja msichana aitwaye Tina aliikanyaga yake kwa hasira.

"Mama, hii ni ndege ya bure! Inaangukaka tu!"

"Usiitukane, haina masikio. Umebadilisha nini?"

"Bawa, mukia na pua."

"Vyote pamoja? Sasa utajua namna gani ni kipi kinaiangusha? Badilisha kitu kimoja tu."

Neno hilo, badilisha kitu kimoja tu, lilikuwa sheria yake. Wahandisi wa kweli, alisema, hufanya vivyo hivyo, ila karatasi yao ni ya chuma.

Kisha akaja prefe mpya wa masomo, mkuu wa shule. Jina lake halimo humu. Anajua mwenyewe kuliandika, hata juu ya kazi ya wengine. Mbele ya walimu wote alisema, "Mama Bertille, hapa ni masomo ao ni uwanja wa ndege?"

"Uwanja tuko nao, Prefe," alijibu. "Ndege njo zinakosekana."

Walimu walicheka. Prefe hakucheka. Tarehe 7 Februari 2022 alimwondoa darasani, akamweka langoni kuwasimamia wanaochelewa. Mwalimu wa miaka thelathini, langoni! Mwezi wa Aprili presha ya Mama Bertille ilianza kupanda. Familia haisemi neno hapo. Inasoma tarehe tu.

Mei 2023 wageni wa elimu walitembelea shule. Prefe aliwapangia mezani ndege za Mama Bertille na michoro ya wanafunzi wake, jina la prefe likiwa juu. Mgeni mmoja aliuliza kwa nini pua ina kibanio. "Ni teknolojia," alijibu. Wakamwomba arushe. Ndege ilijipiga sakafuni kwa pua. Alivuta bawa, akakunja mkia, akaongeza vibanio. Ikaanguka vibaya zaidi. Hapo Tina akapaza sauti: "Prefe, badilisha kitu kimoja tu!" Baraza zima likajua maneno hayo ni ya nani. Tina alifukuzwa wiki nzima. Prefe alipata cheti, na hadi leo kinaning'inia ukutani katika biro yake, ile ofisi ya mkuu.

Mama Bertille alipooza upande wa kulia tarehe 18 Juni 2025, akafariki hospitalini Jumanne tarehe 9 Septemba. Ameacha mume wake Célestin, watoto wawili, Angélique na Ruffin, wajukuu wanne, kaka yake, na watu wazima wengi mjini humu wasioweza kuona karatasi tupu bila kuikunja.

Prefe ametuma habari kwamba atasema neno kwa niaba ya walimu. Familia imemwandalia kiti. Neno haikumwandalia.

Na pale ambapo kompyuta ilitaka apumzike, mkubwa wake anamwambia kwa desturi ya zamani: Bertille, usilale kwanza. Pitia kwenye biro ile. Cheti kiko ukutani. Badilisha kitu kimoja tu, jina.

Mara ya mwisho Kalenga alimwona Jumapili alasiri. Mgonjwa alimwomba amkunjie ndege kwa karatasi ya dawa, akamwelekeza kwa macho. "Bawa la kushoto, Yaya," alimwambia kaka yake mkubwa. "Hilo tu." Ndege ikapita juu ya kitanda, ikatua miguuni pa muuguzi.

"Yaya, utasoma wewe pa kilio changu?"

"Nitasoma."

"Usimutukane ule muntu."

"Sitamutukana. Nitasema tu vile ilikuwa."

Alifumba macho, Kalenga akadhani amesinzia. Kisha upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Basi usome polepole. Ule, hesabu za haraka zinamushindaka."

Ndiyo maana leo Kalenga anasoma polepole.