Mama Tarehe na Siku Isiyohamishwa

Ndugu, jamaa na majirani, tunaomba radhi kwa kuwaamsha mapema. Mazishi haya yamewekwa saa tatu asubuhi badala ya saa nane mchana kwa sababu leo, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa sita kamili, kuna mtoto anayetusubiri kwenye lango la hospitali. Marehemu ndiye aliyempa tarehe hiyo. Wasifu huu umefupishwa ili tuwahi.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1963, mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba seremala na mama mshonaji. Alitarajiwa mwisho wa mwezi. Baba yake alikuwa bado anapiga randa mbao za kitanda cha mtoto, kwa hiyo wiki tatu za kwanza marehemu alilala kwenye droo ya kabati la mteja. Mteja alipokuja kuchukua kabati lake, aliambiwa arudi baadaye, droo moja ina mtu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari ya wasichana ya bweni hadi mwaka 1981. Darasani alipewa kazi ya kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi. Dada yake, ambaye ni mama yangu, anakumbuka siku mwalimu wa hesabu alipoifuta na kuandika ya kwake. Marehemu, ambaye hakuwa msemaji, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo ni ya jana."

"Kaa chini."

"Nimekaa, Mwalimu. Lakini bado ni ya jana."

Alifagia darasa wiki nzima. Na kweli ilikuwa ya jana.

Baada ya chuo cha ukarani, tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa hospitalini kuwa karani wa kliniki ya watoto, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2023. Alikaa nyuma ya dirisha dogo la nondo, mezani ana kidau cha wino, muhuri wa mpira na kalenda. Kila mtoto aliyetoka kwa daktari alipita kwake kuandikiwa kwenye kadi siku ya kurudi. Hapo ndipo alipoitwa Mama Tarehe, na jina likamkaa hata sokoni. Kadi za watoto ambao siku yao ilifika na wao hawakurudi, alitakiwa kuzipeleka stoo. Hakuzipeleka. Alizitia kwenye boksi la viatu chini ya meza, na kila mwisho wa mwezi alizitoa akazisoma moja moja.

Tarehe 12 Desemba 1987 aliolewa na fundi magari ambaye wote mnamjua, na mnajua pia kwamba hajawahi kufika mahali kwa wakati. Marehemu alimwambia harusi ni saa nne, kumbe ni saa tano. Bwana harusi alifika saa tano kasorobo, shati limechomoka, anaomba msamaha kwa kila aliyemkuta mlangoni. Mpaka leo anasema hiyo ndiyo siku pekee maishani mwake aliyofika kabla ya wakati, na hakuambiwa mpaka keki ilipokwisha. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Mwanzoni mwa mwaka 2009 marehemu alianzisha kikundi cha Siku Yako. Wazo lilitoka kwenye yale mabenchi mawili mbele ya dirisha lake, ambako watoto walisubiri tangu alfajiri. Aliwauliza wale waliougua sana ni kitu gani kimoja wangetaka kiwe chao, kisha akaja mtaani kwetu kutafuta watu wa kukifanikisha. Hakubembeleza. Alisimama mlangoni na kuuliza, "Tarehe gani?" Muuza nyama alikuwa na sharubu zilizojulikana mitaa mitatu. Marehemu alimwomba azinyoe hadharani, watu wachangie ili waone.

"Mama Tarehe, sharubu hizi nimezifuga miaka ishirini na miwili!"

"Basi zimekomaa. Tarehe gani?"

Kinyozi alizinyoa nje ya bucha mbele ya umati. Mke wa muuza nyama alichangia mara mbili, akisema ameanza kumwona mumewe upya.

Lakini mtoto yule wa kwanza hatuwezi kumruka. Alikuwa mvulana wa miaka saba, na ombi lake lilikuwa kusimama kwenye uzio wa uwanja aone ndege ikipaa. Kila kitu kilikuwa tayari kwa Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 2009. Siku chache kabla, wanakikundi waliomba isogezwe wiki moja ili mgeni rasmi apate nafasi na fulana za kikundi zitoke kiwandani. Walitaka ipendeze. Marehemu alikubali. Mtoto alifariki Alhamisi ya tarehe 23, siku mbili kabla. Fulana zilifika Ijumaa, arobaini, za njano, na hakuna aliyezivaa.

Tangu hapo, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi pameandikwa kwa wino mwekundu: Tarehe haihamishwi. Tangu hapo pia marehemu hakuwa mtu wa kutulia. Usiku wa kuamkia siku ya mtoto hakula. Alipiga simu wodini asubuhi, mchana na jioni, na simu ya nyumbani ikilia alisimama kwanza ndipo aipokee. Watoto mia moja na kumi na wawili walipata siku zao. Mmoja aliongoza bendi ya shule akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwingine alitaka kuwa mwalimu mkuu kwa siku moja, akampa adhabu mwalimu mkuu mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyesogezewa tarehe.

Ugonjwa wa ini uligunduliwa Januari mwaka huu. Familia haikujua uzito wake. Baada ya kifo chake tulikuta kadi yake ya kliniki kwenye mkoba, imeandikwa tarehe tatu za kurudi ambazo hazina muhuri wa kuonyesha kwamba alifika: moja ya Machi, moja ya Mei, moja ya Juni. Tulipolinganisha na daftari, kila moja ilikuwa siku ya mtoto. Alilazwa tarehe 29 Julai. Kitandani aliendelea kuuliza jambo moja: "Askari wa barabarani wamejibu?" Alifariki Jumatano tarehe 6 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa amemshika mkono. Mume alikuwa amefika jana yake, hakutaka kuchelewa.

Askari aliokuwa akiwaulizia wanahusu ombi la leo. Ni la msichana wa miaka tisa, mgonjwa wa moyo, ambaye kadi yake marehemu aliiandika tangu akiwa mchanga. Machi aliulizwa anataka nini, akajibu, "Nataka nipite barabarani, magari yote yasimame yanisubiri. Mimi nimeshasubiri sana." Kesho asubuhi anasafirishwa kwenda kupasuliwa, na madaktari hawajamwahidi mtu yeyote chochote. Leo wametoa ruhusa ya kutoka kwa muda wa saa moja tu.

Kwenye kikao cha familia, mjomba, kaka yake marehemu, alitaka maziko yawe mchana kama ilivyozoeleka.

"Mtoto akirudi ndipo afanyiwe," alisema. "Hatuwezi kumzika dada yangu asubuhi kama tunamkimbia."

Mama yangu aliuliza, "Na asiporudi?"

Ndipo mume wa marehemu akasema, "Shemeji, mimi nilidanganywa saa ya harusi yangu mwenyewe ili nisichelewe. Nikimchelewesha mtoto huyu, mke wangu atafufuka anizabe kibao."

Mjomba alicheka kwanza, kisha akalia, na ni yeye aliyeandika saa tatu kwenye ratiba.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka, dada wawili, wanakikundi wa Siku Yako, na wale kati ya watoto mia moja na kumi na wawili walio hai, ambao baadhi yao ndio watakaobeba mashada. Ameacha pia daftari, na ndani yake kuna majina ya watoto tisa ambao tarehe zao bado hazijafika.

Mpaka ratiba hii inapelekwa kuchapwa, jana saa kumi jioni, jibu la askari lilikuwa halijafika. Lisipofika, tunaomba tufanye hivi. Wenye magari, fungueni vitambaa vyeusi hapa hapa makaburini na mwashe taa. Wanaotembea kwa miguu watangulie. Kila njia panda isimamiwe na watu wanne wa kuzuia magari, na muuza nyama asimame kwenye mzunguko mkubwa, maana ndiye mpana kuliko wote. Mtoto atakaa kiti cha mbele cha lori la mume wa marehemu, lile la kuvutia magari mabovu, kwa kuwa ni refu na ataona mbali. Hajaambiwa kwamba Mama Tarehe amefariki. Mama yake ameomba amwambie mwenyewe jioni. Akimuulizia, tafadhali msilie mbele yake. Pigeni honi.

Tukimaliza kufukia, tuondoke.

Mama mdogo, pumzika sasa kwa amani. Tarehe haijahamishwa.